Mjomba Anarisiti Hisabati

Likizo hii nimepata mwanafunzi ambaye sikumpanga. Ana miaka 38, mke, watoto watatu, na stashahada ya utabibu aliyoipata mwaka ambao mimi naanza darasa la kwanza. Kila Jumamosi akipata nafuu ya zamu anatoka kituoni kwake upande wa ziwani, anapanda gari mjini, anashuka njia panda ya Kidahwe, pale barabara ya kutoka Kigoma inapogawanyika, moja ikienda Kasulu na nyingine Uvinza. Anakuja nyumbani kwetu na kaunta buku kwapani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Leo bado tuko kwenye yale maduara yako?"

Huyu ni mjomba wangu kabisa, kaka yake mama, tumbo moja. Anarisiti Hisabati ya kidato cha nne. Novemba ataingia kwenye chumba cha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akae na vijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, afanye somo moja tu, aondoke. Hataki makubwa. Anataka D.

Mwanzoni nilicheka, sitaficha. Na yeye alicheka. Lakini jioni ya tatu au ya nne nilipomwona amekodolea macho swali la duara kwa dakika ishirini, mtu ambaye nusu ya watoto wa kijiji anachofanyia kazi wamezaliwa mikononi mwake, kicheko kilinikauka. Nikaanza kujiuliza maswali ambayo nayaleta hapa, kwa sababu naamini yanatuhusu sisi tulioko chuoni kuliko tunavyodhani.

Hoja yangu nitaisema mapema ili asiyetaka kusoma hadi mwisho aipate hapa. Nchi yetu inawategemea matabibu, wateknolojia wa maabara, watu wa mionzi, wauguzi na wakunga kwa kazi nzito, hasa mikoa kama huu wetu. Lakini mmoja wao akitaka kupanda, afanye kazi ya ngazi ya juu zaidi kwa ujuzi alioujenga kazini, tunampeleka kwenye milango ambayo haipimi ujuzi huo. Kinachopimwa ni alikosomea sekondari, umri wake, na kama ana mtu wa kumlipia. Hiyo si haki, na wanaolipia zaidi ni wagonjwa.

Ngazi iliyokuwepo

Wengi wetu humu chuoni hatukuikuta ngazi ya daktari msaidizi, AMO, kwa hiyo nieleze kidogo.

Tanganyika ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu, madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabu, na nchi ni kubwa. Mpango ulikuwa hivi: mtu anasoma utabibu, anakwenda kufanya kazi vijijini miaka kadhaa, kisha aliyeonyesha uwezo anarudi chuoni kwa miaka miwili. Akitoka hapo anaruhusiwa kufanya mambo ambayo tabibu haruhusiwi, ikiwemo upasuaji wa uzazi. Wengine waliendelea tena mbele wakabobea. KCMC kule Moshi, kwa mfano, walifundishwa AMO wa macho waliokwenda mikoani kuondoa mtoto wa jicho. Walikuwepo pia wa mionzi na wa dawa za usingizi.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini hospitali nyingi za wilaya Tanzania zilisimama kwa watu hawa. Mama akipelekwa usiku akihitaji kupasuliwa, aliyevaa glavu mara nyingi hakuwa na MD. Alikuwa AMO.

Swali la haki la kuuliza ni: walikuwa wanafanya vizuri, au tulikuwa tunajiridhisha tu kwa kukosa wengine? Jibu lake limeandikwa, na sehemu limeandikwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofuatilia upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali 14 za mikoa ya Kigoma na Mwanza. Walilinganisha kazi za madaktari wasaidizi na za madaktari wenye shahada. Hawakukuta tofauti ya maana katika matokeo kwa mama wala kwa mtoto. Mmoja wa waliofanya utafiti huo ni marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku, jina ambalo wazee wa Kigoma wanalijua. Katika hospitali ya mkoa hapa Kigoma, yeye na wenzake walichukua hatua nyingi za gharama ndogo kuanzia miaka ya themanini, na vifo vya wajawazito vikashuka kutoka 933 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991 kwa kila vizazi hai 100,000. Kilichowasaidia kilikuwa kupanga vizuri watu na vitu vilivyokuwepo, hawakusubiri madaktari bingwa mia moja washushwe na treni.

Tena kuanzia mwaka 2006 Kigoma ilikuwa na mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, uliojenga vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vijijini na kuwapa mafunzo ya ziada AMO na wauguzi, hawa wauguzi upande wa usingizi. Maana yake upasuaji ulisogea kumfuata mama, badala ya mama kuufuata kwa boti au kwa pikipiki.

Kwa hiyo tusizungumze kama vile tunabuni kitu kipya. Wenzetu wa nje sasa wanafanya mikutano kuhusu kuwapa watu wa fani shirikishi za afya kazi za ngazi ya juu. Uingereza ilibadili sheria mwaka 2013, mtaalamu wa fiziotherapia mwenye mafunzo ya ziada akaruhusiwa kuandika dawa mwenyewe. Sisi tulikuwa na watu wanaopasua tangu 1963.

Ngazi imeondolewa, watu wamebaki juu ya dari

Sasa ngazi hiyo imefungwa. Vyuo havichukui tena wanafunzi wapya wa AMO. Waliopo wanaendelea na kazi, wakistaafu wamekwisha.

Sitaki kusema uamuzi huo ulikuwa wa kijinga. Vyuo vikuu vya udaktari vimeongezeka, kila mwaka wanahitimu MD wengi, na wengine wako mtaani wanasubiri ajira. Mtu anaweza kusema kwa haki kabisa: kama tuna madaktari, kwa nini mama wa Kidahwe ahudumiwe na msaidizi wakati mama wa Mikocheni anahudumiwa na daktari kamili? Hoja hiyo naiheshimu. Mimi pia ni mtoto wa kijijini na sipendi mambo ya daraja la pili.

Tatizo langu ni hatua iliyofuata. Ukiondoa ngazi, unatakiwa uwaambie waliokuwa wanaipanda wapite wapi. Jibu walilopewa matabibu ni fupi: nendeni mkasome MD. Miaka mitano, na mmoja wa mazoezi kwa vitendo. Sawa. Twende tuone mlango huo wa MD unavyoonekana kwa mtu kama mjomba.

Mlango wa kwanza: F ya mwaka 2004

Ili kuingia stashahada ya utabibu unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza zimewekwa kama sifa ya ziada. Ukiwa nazo vizuri, usipokuwa nazo unaingia. Mjomba aliingia hivyo. Alisoma sekondari ambayo kwa miaka miwili haikuwa na mwalimu wa Hisabati kabisa, akapata F mwaka 2004. Chuoni alifaulu vizuri, kazini akaajiriwa, hakuna aliyemuuliza tena.

Ila ukitaka kutoka stashahada ya utabibu kwenda MD, mwongozo wa udahili wa TCU unadai wastani wa B au GPA ya 3.0, na juu yake angalau D za kidato cha nne katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Mwombaji wa kidato cha sita anaangaliwa Fizikia, Kemia na Biolojia zake za kidato cha sita. Yaani huyu aliyetoka shule jana anapimwa kwa alichosoma mwishoni. Yule mwenye stashahada na miaka kumi na zaidi ya kutibu watu anarudishwa kwenye karatasi ya utotoni.

Hapa sasa niseme kama mwanafunzi wa elimu. Kitu cha kwanza tunachofundishwa kwenye kozi ya upimaji ni kwamba mtihani mzuri unapima kile ulichokusudiwa kupima. Nilimjaribu mjomba jioni moja. Nikamwambia: mtoto ana kilo 14, dawa ya homa ni miligramu 15 kwa kila kilo, chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Mpe kiasi gani? Hakugusa kalamu.

"Miligramu mia mbili na kumi. Mililita nane na robo tatu. Ila mama yake ana kijiko cha mililita tano, kwa hiyo namwonyesha kijiko kimoja, na kingine kisijae vizuri."

Hiyo ni uwiano, ni desimali, tena na ufundishaji wa mama ndani yake. Nikampa swali la karatasi ya zamani, uwiano ule ule, limeandikwa kwa Kiingereza, la watu wanaogawana faida ya biashara. Akakwama kwenye sentensi ya pili. Hesabu alikuwa anaiweza. Kilichomkwamisha ni maneno.

Na kama mnadhani F ya Hisabati ni uvivu wa mtu mmoja, kumbukeni kwamba kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne waliofaulu Hisabati nchini wamekuwa karibu mmoja tu kati ya watano. Wakifeli wanne kati ya watano, kosa ni la darasa, la mwalimu ambaye hakuwepo, la kitabu kimoja kwa watoto wanane. Mimi ndiye nitakayepelekwa kuziba pengo hilo nikihitimu, kwa hiyo nalijua. Sasa tunamwadhibu mtu mara mbili kwa kosa la mfumo: kwanza akiwa na miaka kumi na saba, halafu tena akiwa na thelathini na nane.

Mlango wa pili: mkopo

Tuseme Novemba inakuja, mjomba anapata D yake, GPA anayo, anapata nafasi ya MD. Nani analipa?

Tunaoishi kwa bumu tunaujua mwongozo wa HESLB kwa moyo. Mwombaji asiwe amezidi miaka 35. Awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Asiwe na ajira wala kipato. Masharti haya yana sababu yake, pesa haitoshi na lazima waanze na asiye na kitu kabisa. Lakini yasomeni tena mkimfikiria tabibu wa zahanati. Ili awe na uzoefu, lazima afanye kazi. Akifanya kazi, ana ajira, kwa hiyo amekosa. Akifanya kazi miaka sita, stashahada yake imechina, kwa hiyo amekosa. Akisubiri zamu yake ya kuruhusiwa kusoma, umri umepita, kwa hiyo amekosa. Uzoefu ambao tungetakiwa kumhesabia ndio unaomfungia nje.

Tangu mwaka 2023 serikali ilianza kukopesha hata stashahada katika fani za kipaumbele, na afya na sayansi shirikishi zimo. Hilo tulilipigia makofi na tulifanya vizuri. Lakini ni msaada wa kuingia. Kwa anayetaka kupanda akiwa kazini, bado ni mshahara wake dhidi ya ada ya miaka mitano, na watoto watatu wanaotaka sare.

Mlango wa tatu: ruhusa

Huu hauandikwi kwenye mwongozo wowote, ndiyo maana nimeuacha mwisho.

Mtumishi wa umma akitaka kwenda masomoni anahitaji ruhusa ya mwajiri. Mjomba alikuwa tayari kwenda AMO mara tu alipotimiza miaka yake mitatu kazini. Aliandika barua. Jibu lilikuwa kwamba kituo kina watumishi wawili, akiondoka anabaki muuguzi peke yake, asubiri apatikane wa kushika nafasi yake. Akasubiri. Akaandika tena. Sitamtaja mwajiri, na kusema kweli sina hakika kama mimi ningekuwa kwenye kiti kile ningejibu tofauti. Watumishi wawili ni wawili. Ruhusa ilipokuja kutoka, chuo alichoomba kikamjibu kwamba kozi hiyo haipokei tena wanafunzi.

Angalieni hapo palivyokaa. Aliyepangiwa hospitali kubwa ya mjini, penye matabibu kumi na tano, anaruhusiwa kwa urahisi maana pengo lake halionekani. Aliyekubali kwenda mwisho wa barabara, wanakofika kwa boti, ndiye asiyeweza kutoka. Kadiri unavyohitajika ndivyo unavyobanwa. Halafu tunashangaa kwa nini wahitimu hawataki kuripoti vituo vya pembezoni! Wanaona yaliyowapata waliowatangulia.

Na msidhani ni matabibu peke yao. Mteknolojia wa maabara mwenye stashahada, mtu wa mionzi, muuguzi aliyefanya kazi ya usingizi kwa miaka, wote wana hadithi inayofanana na hii. Wauguzi wengi ni akina mama, na kwao ruhusa ya masomo inagombana pia na ujauzito na malezi, mambo ambayo hakuna fomu inayoyauliza.

Usiku wa boti

Nilimuuliza mjomba kwa nini anajitesa. Mshahara anao, heshima anayo, wanakijiji wanamwita daktari hata akikataa. Alikaa kimya kidogo, akaniambia habari ya mama mmoja miaka michache iliyopita. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, mtoto amekwama. Mjomba aliona mapema kwamba huyu ni wa kupasuliwa. Zahanati haina chumba cha upasuaji, na hata kingekuwepo yeye haruhusiwi. Wakamweka kwenye boti ya wavuvi usiku, ziwa lina upepo, yeye ameshika dripu mkononi njia nzima. Mama alipona. Mtoto hakupona.

"Sikukosea kitu," akasema. "Nilifanya kila kinachotakiwa kwa ngazi yangu. Hilo ndilo linaloniumiza."

Kuna mtu atasema hata angekuwa MD, zahanati ile isingekuwa na chumba cha upasuaji. Ni kweli. Lakini miaka ya karibuni serikali imeboresha mamia ya vituo vya afya nchini, majengo ya upasuaji yamesimama hadi tarafa ambazo hazikuwahi kuyaota. Jengo halipasui mtu. Linataka mtu anayejua kazi na atakayekaa.

Rafiki yangu wa udaktari anasemaje

Nilipomwonyesha rasimu ya makala hii rafiki yangu anayesoma MD, hakuipenda. Nimpe nafasi yake, maana hoja zake ni nzito.

Kwanza alisema: "Unataka kushusha viwango. Leo Hisabati, kesho Kemia." Hapana. Sisemi mtu aingie MD bila kupimwa. Nasema apimwe kwa kinachohusika. Mpe mtihani wa kuingilia wenye hesabu za dozi, za takwimu, za maji ya mgonjwa aliyeungua moto. Uwe mgumu unavyotaka. Mjomba hataki huruma. VETA leo wanampima fundi uashi ambaye hakusoma chuo, wanamwangalia akijenga, akifaulu wanampa cheti. Kama tumeweza kuuamini utaratibu huo kwa fundi wa nyumba tutakazolala ndani yake, tunaweza kuutengeneza kwa tabibu.

Pili alisema madaktari wenyewe hawana ajira, kwa nini tuongeze wa kushindana nao. Hili ni chungu na ni la kweli, nina marafiki walio kwenye hali hiyo. Lakini daktari kukosa ajira mjini hakumpeleki daktari Kalya. Hilo ni suala la nafasi za ajira na mazingira ya kazi, na halitatuliwi kwa kumfungia mlango mtu ambaye tayari yuko kule na tayari analipwa. Tena huyo ana nyumba kule, ana shamba la michikichi kule, watoto wake wanasoma kule. Uwezekano wa kurudi ni mkubwa.

Tatu alisema mgonjwa ana haki ya daktari kamili. Nakubali. Basi tumsaidie tabibu awe daktari kamili, au tumpe ubobezi ulio wazi kisheria ndani ya fani yake. Kenya hawakuchagua kimoja. Tabibu wao anaweza kusoma shahada, na anaweza pia kusoma diploma ya juu KMTC akabobea kwenye usingizi, macho, watoto au afya ya uzazi, na anasajiliwa na baraza lenye sheria yake. Msumbiji walianza mwaka 1984 kufundisha watu wasio madaktari kufanya upasuaji. Sisi tuliokuwa wa kwanza tumebaki na njia moja, tena yenye kufuli tatu.

Hapo rafiki yangu akanyamaza, akasema nimwachie aende akasome, ana supu wiki ijayo. Kwa hiyo sijui kama nilimshinda.

Sisi tufanye nini

Sipendi makala zinazoishia na "serikali iangalie hili kwa jicho la tatu". Nitaje mambo ambayo jumuiya yetu inaweza kuyafanya muhula huu.

La kwanza, mkopo. Serikali yetu ya wanafunzi hukaa TAHLISO na husikilizwa HESLB mwongozo unapoandaliwa. Kila mwaka tunapeleka malalamiko ya bumu kuchelewa. Safari hii tuongeze ombi moja: mwombaji anayetoka kazini kwenda shahada ya afya, mwenye ruhusa ya mwajiri, asikatwe kwa kigezo cha miaka mitano wala cha umri. Akopeshwe hata ada peke yake. Huyu ana mwajiri na mshahara unaokatika, ni mkopaji salama kuliko mimi.

La pili, mtihani wa kuingilia. Tuombe TCU na vyuo vya afya vimfikirie mwenye stashahada na uzoefu uliothibitishwa, aliyekosa D moja ya kidato cha nne, apewe mtihani maalumu au muhula wa maandalizi badala ya kurudishwa kwa NECTA akakae na watoto.

La tatu linatuhusu sisi wa elimu moja kwa moja. Tuko mamia humu tunaosoma Hisabati, Fizikia, Kemia. Likizo na wakati wa TP tunasambaa nchi nzima, na kila tunakopangiwa kuna zahanati au kituo cha afya. Ulizeni. Nina hakika mtakuta muuguzi au mteknolojia wa maabara anayesoma peke yake usiku ili arisiti somo moja. Saa mbili kwa wiki hazitatuua. Wizara haihitaji kutupa kibali kwa hilo, na sisi tutajifunza kufundisha mtu mzima, jambo ambalo kwenye kozi tumelisoma kwa kurasa chache tu.

Nimejifunza mengi kutoka kwa mwanafunzi wangu mmoja. Ukimfundisha duara kwa chupa ya dawa na mkanda wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto, anaelewa. Ukimfundisha kwa kanuni iliyoelea hewani, anasinzia, na ana haki ya kusinzia, ametoka zamu. Metriksi bado zinamtesa, vekta amezielewa kwa sababu ya boti na upepo. Kiingereza cha maswali tunakifanya kama msamiati, maneno kumi kwa jioni, mtoto wake wa pili anamsikiliza akikariri.

Jumamosi iliyopita hakuja. Nilipompigia alisema kuna kesi mbili za uzazi na mwenzake anaumwa, niendelee tu na mada atanikuta mbele. Nikamwambia mjomba, mwalimu haendelei na mada bila mwanafunzi. Akacheka, akaniomba nimtumie kwa simu picha ya maswali matano ya uwezekano. Jibu la la kwanza lilikuja saa saba usiku. Alikuwa amepata.